Tumefunga

Pole ya kwanza ilikuja kwa simu, maji ya chai yakiwa bado hayajachemka.

Mama Mikunjo aliipokea huku mkono mmoja una majani ya chai. Simu yake ni ile ndogo ya vitufe, yenye tochi, ambayo mumewe humtania kwamba hata mwizi akiiiba atairudisha na kuomba radhi. Aliyepiga alikuwa muuguzi mmoja, mteja wao wa siku nyingi, aliyeahidi kuja wiki hiyo kuchagua vitambaa vya nyumba yake mpya. Nyumba nzima, madirisha yote, hadi ya stoo.

"Dada, poleni sana," alisema muuguzi, kwa ile sauti ya chini wanayoitumia watu wa hospitali wakikuita pembeni ya wodi.

"Asante," alijibu Mama Mikunjo, maana pole ukipewa unaipokea kwanza. Kisha akashtuka. "Pole ya nini, mwenzangu?"

"Basi tu. Najua si jambo rahisi kuliongelea. Ila mlikuwa watu wazuri, kwa kweli. Kazi yenu ilikuwa safi."

"Ilikuwa?"

"Pumzika kwanza, dada. Tutaongea ukishapoa."

Simu ikakatika. Mama Mikunjo alibaki amesimama na majani yake ya chai. Kitu cha kwanza kumjia kichwani kilikuwa mumewe. Fundi alikuwa ametoka asubuhi na ngazi mgongoni kwenda kumalizia kazi ndogo ng'ambo ya mji, na ngazi ni ngazi, kila fundi ana hadithi yake ya kuanguka. Alimpigia.

"Uko mzima?"

"Mzima. Kwani vipi?"

"Hamna. Endelea na kazi."

Akakaa kwenye kiti cha jikoni na kucheka peke yake, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Bila shaka muuguzi alikuwa amekosea namba. Watu wa zamu za usiku wana usingizi mwingi, wanaweza kumpa pole mtu yeyote.

Na siku yenyewe haikuwa ya kupewa pole. Jana yake tu tovuti yao ilikuwa imefunguliwa. Kwa wiki kadhaa Mama Mikunjo alikuwa amehangaika nayo, akienda na kurudi kwa Mtaalamu, baba mmoja mwenye miwani iliyounganishwa kwa gundi, anayechapa barua na kutengeneza tovuti katika kibanda cha pembeni ya benki. Fundi hakuitaka. "Mtu anunue pazia hajalishika?" aliuliza. Lakini wateja walikuwa wamekauka tangu lile duka kubwa la barabarani lianze kuuza mapazia yaliyoshonwa tayari, ndani ya mifuko ya nailoni, yanaremba vioo vya duka zima. Kwa hiyo wakakubaliana, wamekaa wote wawili juu ya majora ya vitambaa: tovuti ikileta wateja, wanabaki na chumba chao cha duka, isipoleta, mwisho wa mwezi wanamrudishia mwenye nyumba ufunguo, na kila mtu atafute pa kujishikiza. Hiyo ndiyo ilikuwa karata ya mwisho, na Mama Mikunjo aliitupa kwa moyo wote.

Maneno ya ukurasa wa kwanza aliyatunga mwenyewe. Katika kazi yao pazia halitundikwi, linafungwa. Mtu akiuliza mwenzako yuko wapi, unamjibu ameenda kufunga. Basi akaandika kwa fahari: Tumefunga majumbani, maofisini na hospitalini, sasa tunakuja kwako. Mtaalamu aliyapenda. Alisema neno la kwanza likuzwe ili livute jicho, akaliweka juu ya picha ya mapazia ya buluu yaliyokutanishwa katikati, mikunjo imelala sawasawa kama ilivyotoka mikononi mwa mama huyu na kumpa jina. Mama Mikunjo aliiangalia kazi yake kwenye kompyuta, sentensi nzima imenyooka, akajikuta macho yanamlengalenga. Kisha Mtaalamu akachukua simu ya Fundi, ile kubwa ya kupangusa ambayo Mama Mikunjo aliiazima asubuhi hiyo, akawatumia wateja wao wote na jamaa wote kiungo cha tovuti, akairudisha kabla Fundi hajaenda kazini.

Na jana usiku Fundi, mtu asiyejua kusifia, alikuwa amerudi nyumbani amelegea mwili, akala akamaliza, akaosha sahani yake mwenyewe. Alipopita nyuma ya kiti cha mkewe alimwekea mkono begani.

"Nimeiona," alisema. "Umefanya la maana."

Mama Mikunjo alilala na maneno hayo kama mtoto aliyelala na kiatu kipya.

*

Alipofika dukani alikuta mlango uko wazi na mama mwenye nyumba yuko ndani, na ufunguo wake wa akiba mkononi. Pembeni yake alisimama kinyozi wa mtaa wa nyuma, mtu mrefu, mpole, anayeangalia kuta kwa jicho la mtu anayejua atakachopachika.

"Hapa kioo," kinyozi alikuwa anasema. "Na hapa viti. Ila soketi ni moja tu."

"Za asubuhi," alisema Mama Mikunjo.

Wote wawili waligeuka. Mama mwenye nyumba hakuona haya hata kidogo. Aliyeona haya ni kinyozi.

"Mama Mikunjo, mimi nimeumia," alisema mama mwenye nyumba. "Miaka yote tumekaa vizuri. Mngekuja kuniambia mimi kwanza. Badala yake nasikia kwa watu, mtaa mzima unajua, mimi ndiye wa mwisho. Si ustaarabu."

"Kukwambia nini, mama?"

"Haya, tusirudi huko. Yameshatokea. Huyu bwana anahitaji chumba, na wewe hukihitaji. Naona tusaidiane."

"Nani kasema sikihitaji?"

Mama mwenye nyumba alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Mama Mikunjo kuliko tusi. "Mwenzangu," alisema taratibu, "si aibu. Biashara siku hizi ni ngumu kwa kila mtu. Mwisho wa mwezi upo palepale, sikufukuzi. Nampa huyu nafasi apime tu."

Kinyozi alijikohoza. "Samahani, mama. Nimesahau futi yangu. Ungeniazima yako kidogo?"

Sasa hapo ndipo utajua mazoea ni kitu gani. Mama Mikunjo, kichwa kinamzunguka, haelewi linalosemwa, alipeleka mkono shingoni, akaivua futi yake ya kitambaa aliyoivaa kila siku ya kazi tangu aanze kazi, akampa. Kisha akasimama kando kuwapisha. Kinyozi alipima ukuta wa kushoto, ule wenye sampuli za vitambaa, akizisogeza kwa adabu kwa kidole kimoja. Alipomaliza alishukuru, akaondoka na mama mwenye nyumba wakiongea habari za soketi. Walikuwa wameshakata kona ndipo Mama Mikunjo aliposhika shingo yake na kukuta iko tupu.

Hakupata hata muda wa kukasirika. Gari dogo la mizigo lilikuwa linarudi nyuma kuelekea mlangoni, limebeba kamba na godoro kuukuu. Akashuka shemeji yake, mdogo wake Fundi, mwenye duka la sare za shule, na jasho la haraka usoni.

"Shemeji, pole," alisema, na kumkumbatia. "Nimekuja mbio kabla watu baki hawajafika. Unawajua watu. Wakisikia msiba wa biashara wanakuja kununua kila kitu kwa bei ya kutupa."

"Wewe umekuja kufanya nini?"

"Kununua ovaloki." Alishaiona cherehani yenyewe kwenye kona, ile ya kuzuia nyuzi zisifumuke, na alikuwa anaizunguka. "Kwa bei ya kindugu. Ibaki kwenye familia, shemeji. Nimeleta godoro isije ikakwaruzwa."

"Ovaloki yangu naitumia."

"Unaitumia kushona nini tena?"

Mama Mikunjo alikaa juu ya jora. Aliuliza polepole, neno kwa neno, kama anayemuuliza daktari: "Shemeji. Nieleze. Nani amekwambia nini kuhusu sisi?"

Shemeji alimwangalia, akacheka kidogo, akaacha kucheka. "Si mmetutangazia wenyewe?" Akatoa simu mfukoni, akapangusa mara mbili, akamwekea mbele ya uso.

Ujumbe ulikuwa umetoka kwenye namba ya Fundi. Juu picha, chini jina la duka. Mapazia ya buluu yamevutwa yakakutana, giza la kitambaa mwanzo hadi mwisho. Na katikati, kwa herufi nyeupe kubwa zilizojaza kioo cha simu, neno moja tu: TUMEFUNGA.

Majumbani halikuwepo. Maofisini halikuwepo. Sentensi ilikuwa imekatwa shingo.

Mama Mikunjo alilisoma neno lake mwenyewe. Yote yalimjia kwa mpigo: muuguzi na sauti yake ya wodini, mama mwenye nyumba, kinyozi, futi. Alikuwa amegonga mlango wa kila mteja aliyewahi kuwa naye na kumwambia, kwa picha nzuri, kwamba duka limekufa.

"Ni kufunga mapazia, shemeji," alisema hatimaye. "Kufunga. Kazi yetu."

Shemeji aliiangalia simu, akamwangalia yeye, akaiangalia tena simu. Aibu ilimpanda taratibu, lakini jicho moja lilibaki kwenye ovaloki. "Ahaa," alisema. "Kumbe. Ila hata hivyo, kama mtakuja kuamua..."

"Toa gari mlangoni, wateja wapite."

Hapakuwa na mteja hata mmoja wa kupita, na wote wawili waliliona hilo. Shemeji aliondoka na godoro lake.

*

Mtaalamu alipopigiwa alikana kwanza, kisha akaangalia kwenye simu yake mwenyewe.

"Kwenye kompyuta ilikuwa sentensi nzima, mama. Wewe ulikuwepo."

"Na kwenye simu je?"

"Kwenye simu inajikata. Kioo ni chembamba. Sasa mimi nimeona Tumefunga, nikajua ndiyo kazi yenu, mnafunga. Ningejuaje?"

"Wewe hukujua. Mimi sikujua. Mtaa mzima umejua."

"Jioni nikimaliza kuchapa barua za watu nitalitoa. Ila niambie niweke nini badala yake. Pale juu hapakai tupu."

"Acha nimuulize mwenzangu kwanza," alisema Mama Mikunjo. "Hili ni duka la watu wawili."

Akaanza kuwapigia wateja. Ilikuwa kazi ya kudhalilisha kuliko alivyotegemea, kwa sababu kila alipofungua mdomo lugha ilimgeuka. "Hatujafunga," alimwambia mwalimu mmoja. "Yaani, tumefunga, lakini si kufunga. Tunafunga bado. Hatujafunga." Mwalimu alimjibu ampe salamu mumewe na amhimize apate mapumziko. Mwingine alisema asante kwa taarifa, bila kusema taarifa ipi. Hakuna aliyemuuliza ilikuwaje. Hilo ndilo lililoanza kumkera, kisha kumtisha: katika watu wote wale hakupatikana hata mmoja aliyeshangaa. Walikuwa wamelipokea neno lile kama unavyopokea habari ya mgonjwa aliyelala kitandani muda mrefu.

Muuguzi alimwacha wa mwisho, kwa kuwa ndiye aliyemtegemea.

"Dada, kumbe mpo?" Muuguzi alifurahi kwa dhati, halafu akanywea. "Lakini sasa mimi jana jioni nilipita pale duka la barabarani. Nimeshachagua, nimeshalipia. Ningefanyaje? Nahamia wikiendi."

"Sikulaumu, mwenzangu."

"Na kwa kweli nisingenunua pale, nilikuwa naogopa mafundi wao, wanatoboa ukuta kama wanachimba kisima. Ila nilipomkuta mumeo pale, wakaniambia yeye ndiye atakayekuja kunifungia, moyo ukatulia."

Mama Mikunjo alisikia vizuri. Hata hivyo aliuliza, "Nani?"

"Fundi wako. Jana. Wanamwanzisha Jumatatu, walinitambulisha. Nilidhani... dada? Unanisikia?"

*

Fundi alirudi jua likiwa bado liko juu ya mapaa. Aliegemeza ngazi ukutani, akaingia dukani, akamkuta mkewe amekaa mbele ya ovaloki iliyozimwa. Mkoba wa drili aliuweka chini polepole. Alikuwa mtu wa kuelewa haraka nyumba ikiwa imenuna.

"Jana ulipitia wapi ulipotoka kazini?" aliuliza Mama Mikunjo.

Fundi alivuta kigoda akakaa. Hakudanganya, hilo lazima lisemwe kwa upande wake. "Duka la barabarani. Wananichukua. Mshahara kila mwezi, na ngazi ni ya kwao. Nilitaka kukwambia leo, nilikuwa natafuta pa kuanzia."

"Kwa nini?"

"Si uliandika mwenyewe?" Alitoa simu yake kana kwamba kuna aliyembishia. "Nilikuwa juu ya ngazi, simu ikalia. Mteja akaniuliza, mmefunga? Nikaangalia. Ni namba yangu mwenyewe imetuma. Nikajua umechoka, umeona bora ulimalize kwa heshima, kwa picha nzuri. Nikasema, huyu mwanamke ana moyo. Ndiyo maana nikakwambia umefanya la maana."

Mama Mikunjo alifumba macho. Mkono ule begani. Usiku mzima alikuwa ameulalia mkono ule.

"Wewe ni fundi wa mapazia," alisema. "Maisha yako yote unafunga. Watu wote duniani wakilisoma vibaya neno hilo, wewe ulisomeje vibaya?"

Fundi aliliangalia lile neno kwenye kioo cha simu.

"Ulishindwa kunipigia?" mkewe aliendelea. "Neno moja tu. Ungeniuliza, mke wangu, hii ni kweli?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utasema si kweli."

Alisema kwa sauti ndogo, ameinama, akitoa nyuzi kwenye goti la suruali yake. Kutwa nzima Mama Mikunjo alikuwa amedhani neno ndilo lililowaponza, kumbe neno lilikuwa limemkuta mtu ameshafungasha. Hakuwa adui, mume huyu. Mgongo ulimuuma, alichoka kurudi nyumbani mikono mitupu na kuulizwa kwa macho, na alikuwa amesubiri, Mungu anajua tangu lini, mtu mwingine aseme lile asiloweza kulisema yeye. Mama Mikunjo aliyaelewa yote hayo. Aliumia vilevile. Aliumia hasa kwa sababu ya zile wiki za kibanda cha Mtaalamu, alipokuwa akirudi na kumsimulia kila kilichoongezwa, rangi gani, picha ipi, naye anaitikia ehee, ehee, huku anaomba ishindikane.

Simu ya vitufe ikalia juu ya meza. Simu za aina hiyo hazina siri. Sauti ya Mtaalamu ilijaa chumba kizima.

"Mama, niko mbele ya kompyuta, nimeshalifuta lile balaa. Niweke nini? Mimi naona tuweke Tumefungua. Ni herufi moja tu ya kuongeza."

Mama Mikunjo alimtazama mumewe. Mumewe aliendelea na nyuzi zake.

"Andika Nimefungua."

"Tumefungua, sawa."

"Nime. Anza na ni."

"Mama, biashara huandikwa kwa wingi. Inapendeza zaidi, inaonekana mko wengi. Hata kampuni kubwa..."

"Wingi naujua. Wewe andika nilivyokwambia. Na uliangalie kwenye simu kwanza, lisije likakatwa."

Akakata. Fundi alikuwa ameinua kichwa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepokea pole yake ya kwanza na hajui ni ya nini.

"Na mimi je?" aliuliza.

"Wewe una kazi Jumatatu."

"Pazia ukilishona, nani atakufungia?"

Mama Mikunjo aliunyanyua mkoba wa drili kutoka pale chini alipouweka mumewe. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Aliusogeza hadi chini ya meza yake ya kukatia, upande wake.

"Duka lile wana drili zao," alisema. "Hii inabaki. Wewe nenda kafunge."

Kisha akavaa viatu, akashika shingo yake iliyokuwa tupu, akatoka kwenda mtaa wa nyuma kwa kinyozi kudai futi yake.